Kano ya kisigino imechakaa, nina miaka 56: nitoe dola 900 nichomwe damu yangu mwenyewe?

Mzee wa Katindo, 8 Juni 2025

Jambo kwenu wote, wa hapa Goma na wa mbali.

Mimi ni mwalimu, nakaa Katindo. Jumapili nacheza mpira na wazee wenzangu, siku nyingine natembea kwa miguu hadi shule, juu ya haya mawe yetu ya volkano ambayo hayajawahi kumhurumia mtu. Tangu mwezi wa 10 mwaka jana mguu wa kushoto unanisumbua. Si kisigino chenyewe, ni ule mshipa mnene wa nyuma, kama vidole vitatu juu ya kisigino. Asubuhi nikishuka kitandani natembea kama bata. Baada ya dakika kumi unalegea, naenda kazini, hata mpira nacheza nusu saa. Nikishapoa jioni, maumivu yanarudi na riba. Ukishika kwa vidole unakuta kidonge kama punje ya haragwe.

Januari sikuwaza kisigino, vita ilikuwa imeingia mjini, tulikuwa na mengine. Machi nikaenda kliniki moja ya hapa mjini, nikachomwa sindano ya kotizoni, dawa ya kutuliza uvimbe, palepale penye kidonge. Wiki tano nilikuwa kijana. Wiki ya sita ikarudi mbaya kuliko mwanzo. Ekografi (picha ya mawimbi ya sauti) ikasema kano imenenepa, nyuzi zimevurugika, "ni umri".

Sasa mtoto wa dada yangu amepata kliniki ng'ambo ya mpaka. Bei waliyompa: sindano tatu za damu yangu mwenyewe iliyochujwa, dola 900. Au "seli shina", yaani seli changa zinazoweza kuzaa seli nyingine, dola 2,800, na hapo wanasema kano itakuwa mpya. Familia iko tayari kuchanga, ingawa benki zimefungwa na kila dola inapitia kwenye simu. Kabla sijala pesa za watu nauliza: kuna aliyejaribu? Kano inaweza kuwa mpya kweli?

Kijana Majengo, 8 Juni

Miaka 56 na bado unataka namba 9? Mzee, baki golini, kisigino kitapona chenyewe 😂

Mzee wa Katindo, 8 Juni

Golini ndipo nilipo, kijana. Mateke ya goli ndiyo yaliyonimaliza.

Kinezi Ndosho, 8 Juni

Mwalimu, pole. Mimi ni mkinezi, mtu wa kutibu viungo kwa mazoezi, mwaka wa 14 kazini, na visigino vya namna yako ni kazi yangu ya kila wiki.

Kwanza tusafishe neno. Huku kwetu "mshipa" ni kila kitu: wa damu, wa fahamu, na hii kamba inayofunga msuli kwenye mfupa. Daktari akisema "tandoni", mgonjwa anasikia "mshipa", anarudi nyumbani akiamini damu haipiti. Mimi nitaandika kano.

Kano ni kamba ya nyuzi za kolajeni, protini ya kujengea mwili, zilizosukwa kwa mpangilio, ndani yake seli chache na damu kidogo. Ya kisigino ndiyo nene na imara kuliko zote mwilini. Ukikimbia inabeba kama mara 6 hadi 8 ya uzito wako. Na pale ulipokuta haragwe lako, sentimita 2 hadi 6 juu ya mfupa, ndipo damu inapofika kwa shida zaidi.

Kuna utafiti mmoja sitausahau. Kati ya 1955 na 1963 mataifa makubwa yalilipua mabomu ya nyuklia angani hadi kaboni 14 ya hewani, ile kaboni yenye mnururisho, ikakaribia maradufu. Ikaingia kwenye majani, kwenye chakula, kwenye mwili wa kila mtu, hata bibi aliyekuwa analima Masisi bila habari yoyote ya bomu. Kisha ikawa inapungua mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo ukiipima kwenye tishu unaweza kukadiria tishu hiyo ilijengwa lini. Watafiti wa Denmark wakapima kano za visigino vya watu waliozaliwa kati ya 1945 na 1983, wakatangaza matokeo mwaka 2013: kiini cha kano kinajengwa mpaka umri wa kama miaka 17, baada ya hapo karibu hakibadilishwi tena. Kamba unayotembelea leo, mwalimu, uliimaliza kuisuka 1986, Mobutu akiwa madarakani.

Miaka ikipita, sukari ya mwilini inajibandika kwenye nyuzi na kuzigandisha, kama kamba iliyomwagikiwa asali ikakauka. Seli shina za kano zinapungua na kuchoka. Penye jeraha mwili unaweka viraka vya nyuzi nyembamba zisizo na mpangilio. Ukitazama kwa darubini, seli za uvimbe ni chache, ndiyo maana wataalamu walianza kuikimbia ile "ite" ya mwisho kwenye "tandiniti" wakasema "tandinozi". Nyote mmesoma Kifaransa, mnajua "ite" maana yake moto. Hapa moto ni mdogo, uchakavu ndio mkubwa. Dawa ya kuzima moto haishoni kamba.

Kabla sijasema la sindano, nijibu: una sukari? Ulimeza cipro, ile antibiotiki, mwaka jana? Na je, kuna siku ulisikia "pa!" ukageuka kuangalia nani amekurushia jiwe?

Mzee wa Katindo, 9 Juni

Sukari nilipimwa Machi, hakuna. "Pa!" hapana. Lakini cipro... Septemba nilitibiwa tifoidi, siku kumi. Hiyo inahusu nini na kisigino?

Kinezi Ndosho, 9 Juni

Inahusu sana. Cipro na ndugu zake wa kundi la fluorokwinoloni wanaweza kudhuru kano, hata kuikata, na ya kisigino ndiyo inayopigwa zaidi. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru onyo hilo liwekwe ndani ya fremu nyeusi kwenye karatasi ya dawa. Hatari inapanda kwa waliopita miaka 60, na kwa anayetumia pia dawa za jamii ya kotizoni. Maumivu yanaweza kuanza baada ya siku chache au miezi kadhaa. Siwezi kuapa kwamba ndiyo sababu yako, ila tarehe zako zinafuatana vibaya.

Cipro inaokoa watu, sisemi muitupe. Nasema hapa Goma inauzwa famasini kama pipi, tumbo likinguruma tu mtu anameza. Ukiwa juu yake kano ikaanza kuuma, rudi haraka kwa aliyekuandikia, mwambie, akubadilishie. Usikaze meno kumaliza plaketi.

Mama Birere, 9 Juni

Mwanangu mkinezi, samahani naingilia. Nina miaka 61, nauza vitenge, miaka 30 nabeba mizigo Birere. Bega la kuume haliinuki, usiku silali upande huo. Wamenipiga picha, wanasema kano imechanika na inafaa nipasuliwe. Nimeanza kulia. Hii damu ya kuchuja inaweza kushona?

Kinezi Ndosho, 9 Juni

Mama, futa machozi kwanza. Mwaka 1999 kulitoka utafiti wa Ujerumani: watu 411 wasio na maumivu yoyote ya bega walipimwa kwa ekografi. Waliokuwa na kano iliyochanika walikuwa asilimia 13 kati ya miaka 50 na 59, asilimia 20 wa miaka ya 60, asilimia 31 wa miaka ya 70, na waliopita 80 asilimia 51. Hao wote walikuwa wanapika, wanabeba wajukuu, hawajui kitu. Kwa hiyo karatasi yenye neno "imechanika" haitoshi kukupeleka kwenye kisu. Ulianguka? Nguvu ilipotea ghafla siku moja? Kama ndiyo, muone daktari wa mifupa mapema, hilo halingoji. Kama ilikuja polepole, tunaanza na miezi mitatu ya mazoezi.

Mama Birere, 9 Juni

Polepole. Sikuanguka. Asante mwanangu, nitakutafuta faragha.

Labo Himbi, 10 Juni

Niwaeleze ile "damu iliyochujwa" ni nini, maana ni kazi ya mikono yangu. Jina lake PRP, yaani plazma (maji ya damu) iliyosheheni chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Unamtoa mtu damu, tuseme mililita 15 hadi 60, kwenye chupa yenye dawa ya kuzuia isigande. Unaiweka kwenye mashine ya kuzungusha. Seli nyekundu, kwa kuwa ni nzito, zinashuka chini. Juu inabaki plazma ya njano. Katikati utando mwembamba wenye seli nyeupe na chembe sahani. Unachukua sehemu iliyosheheni hizo chembe, unamchoma nayo palipochakaa. Chembe sahani zina vifuko vya protini zinazoita seli za ukarabati na kuchochea ukuaji. Mtu akijikata kidole ndizo zinazofika kwanza, kwa hiyo wazo lenyewe lina akili.

Tatizo ni kwamba hakuna PRP moja. Mashine hii inakupa chembe mara mbili ya kawaida, ile mara tano. Moja inaacha seli nyeupe, nyingine inaziondoa. Mmoja anachoma mara moja, mwingine mara tatu. Ukiniambia "nimechomwa PRP" ni kama kuniambia "nimekula mboga".

Na onyo kwa wajanja: mwezi uliopita mtu alikuja kuniomba nimzungushie damu ili rafiki yake amchome nyumbani. Nilimfukuza. Chupa zetu za vipimo hazikutengenezwa kwa ajili ya kurudisha kitu mwilini. Ukiingiza mdudu kwenye kano isiyo na damu ya kutosha, utajua maana ya kuoza.

Yaya wa Liège, 10 Juni

Ndugu zangu, mimi ni mzaliwa wa Himbi, sasa muuguzi huku Ubelgiji kwenye wodi ya mifupa. Mwalimu, niache nikuokolee hizo 900.

Mwaka 2010 Waholanzi walichukua wagonjwa 54 wenye kano ya kisigino kama yako hasa, sehemu ya katikati. Nusu wakachomwa PRP, nusu maji ya chumvi, na hakuna aliyejua amechomwa nini. Wote wakapewa mazoezi. Baada ya wiki 24 makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu, na tofauti kati yao haikuonekana. Wengine wakasema watu 54 ni wachache. Sawa. Mwaka 2021 Waingereza wakafanya ya watu 240: nusu PRP, nusu sindano ya kuigiza iliyotobolewa chini ya ngozi bila kuweka kitu. Miezi sita, hakuna faida. Zote mbili zimechapishwa kwenye jarida la JAMA, si gazeti la mtaani.

Na kotizoni: mwaka 2010 jarida la Lancet lilichapisha mapitio ya majaribio mengi ya sindano kwenye kano. Kwa kiwiko hasa, kotizoni inashinda wiki za mwanzo, halafu kwenye muda wa kati na mrefu waliochomwa wanakuwa na hali mbaya kuliko wasiochomwa. Wiki zako tano za ujana zimeandikwa pale kabisa.

Fundi Himbi, 10 Juni

Mnaongea makaratasi. Mimi nilichomwa PRP Nairobi 2022, kiwiko, kwa sababu ya miaka ya kupiga nyundo. Nilipona! Sasa niamini Waholanzi au kiwiko changu? Watu wa nje wakipata kitu kizuri wanatuambia hakifanyi kazi.

Yaya wa Liège, 10 Juni

Kaka, nafurahi umepona, na kiwiko chako sikibishii. Kwa haki: kuna jaribio la Marekani la 2014, wagonjwa 230 wa kiwiko, lililoonyesha PRP ikifanya vizuri zaidi baada ya wiki 24. Lipo, silifichi. Lakini mwaka 2021 Cochrane, shirika la kupitia majaribio ya tiba, walikusanya majaribio 32 ya kiwiko pamoja, na faida ikayeyuka. Na ukumbuke waliochomwa maji ya chumvi nao walipona. Nao wangekuja humu kuandika "nilichomwa, nilipona". Baada ya sindano walikuambia nini? Upumzike kupiga nyundo kwa muda, kisha uanze mazoezi polepole?

Fundi Himbi, 10 Juni

Wiki sita bila nyundo, ndiyo. Na kunyanyua chupa ya maji.

Yaya wa Liège, 10 Juni

Haya.

Fundi Himbi, 10 Juni

Haya nini? Nimesema nilipona kwa sindano.

Mganga wa Ng'ombe, 11 Juni

Nacheka peke yangu. Mimi ni daktari wa mifugo, upande wa Rutshuru, na habari hii ya seli shina kwenye kano sisi tuliisikia kabla yenu. Farasi wa mashindano wanavunjika kano ya nyuma ya mguu wa mbele, ugonjwa unaofanana sana na kisigino cha mwalimu, na farasi ni pesa, kwa hiyo wenye farasi hawakungoja. Profesa Roger Smith na wenzake wa Royal Veterinary College, London, walikuwa wanatoa uboho kwenye mfupa wa kifua wa farasi, wanazalisha seli zake maabara kwa wiki kadhaa, kisha wanazichoma kwenye shimo la kano. Mwaka 2012 walitoa hesabu ya farasi 113 waliorudi kukimbia na kufuatiliwa: asilimia 27 ndio walioumia tena, chini ya takwimu za matibabu ya zamani.

Mkiisoma hiyo msisahau mambo mawili. Hakukuwa na kundi la farasi waliochomwa maji wa kulinganisha nao. Na farasi hao walifuata ratiba ya kutembezwa polepole ya karibu mwaka mzima. Hakuna farasi aliyechomwa Ijumaa akacheza mpira Jumapili.

Kijana Majengo, 11 Juni

Kwa hiyo mwalimu avae kwato 😭

Mzee wa Katindo, 11 Juni

Kijana, wewe nitakutafuta shule gani ulisoma.

Daktari wa ng'ombe, asante. Basi na seli shina kwa binadamu je? Maana kliniki wanasema za kwao zinatoka kwenye kitovu cha mtoto mchanga, "zina nguvu kuliko za mzee".

Yaya wa Liège, 11 Juni

Hapo ndipo nataka usimame, mwalimu.

Matokeo mazuri kuliko yote ninayoyajua kwa binadamu ni ya bega, ya Profesa Hernigou na wenzake, Ufaransa, 2014. Wagonjwa 45 walishonwa kano ya bega na kuongezewa uboho wao wenyewe uliotolewa kwenye nyonga. Wengine 45 waliofanana nao walishonwa tu. Baada ya miaka kumi kano zilizobaki nzima: asilimia 87 upande wa kwanza, asilimia 44 upande wa pili. Tofauti kubwa. Lakini hawakugawanywa kwa kura, na wote walishonwa na daktari mpasuaji. Sindano peke yake haikujenga bega la mtu.

Za kitovu ni hadithi nyingine. Mwaka 2018 Marekani watu 12 wa majimbo ya Texas, Florida na Arizona walipata maambukizi ya bakteria baada ya kuchomwa bidhaa za damu ya kitovu zilizouzwa kama seli shina, kwenye magoti, mabega, mgongo. Bakteria hao walikutwa hata kwenye vichupa ambavyo havijafunguliwa. Desemba 2019 mamlaka yao ya dawa ikaonya tena, safari hii kuhusu eksosomu, vile vifuko vidogo vinavyotolewa na seli, kwamba hakuna bidhaa yake iliyoidhinishwa. Kama hayo yalitokea kwenye nchi yenye wakaguzi, uliza kliniki hiyo maswali matatu: seli zimetoka kwa nani, zimepimwa wapi, na nani amewaruhusu kwa maandishi. Kisha angalia uso wa anayejibu.

Labo Himbi, 11 Juni

Niongezee: zikae kwenye baridi kali kabisa safari yote, la sivyo unachomwa supu ya seli zilizokufa. Mimi hapa friji yangu ikipitisha usiku na umeme nashukuru.

Chukudu ya Kibumba, 12 Juni

Mwalimu, miye niko mutu ya chukudu, ile kinga ya mbao ya kusukuma mizigo, toka 2004. Siye tunajua ile kitu bila ekografi. Ukisukuma, goti moja iko juu ya mbao, mguu ingine njo inapiga chini. Miaka yote nilikuwa napiga na kuume. Mu 2019 ile kamba ya nyuma ikavimba vile unasema. Nikalala mwezi muzima, nikasema ipumzike. Nikarudi na magunia ine ya makala, eh, ikauma kuliko mwanzo! Bazee bakaniambia: usilale, badirisha mguu, beba kidogo, panda kidogo kidogo. Nikaanza na gunia moja. Miezi ine, tano, ikapona. Mupaka leo iko munene kidogo lakini haiumi. Sikuchomwa sindano hata moja.

Kinezi Ndosho, 12 Juni

Nimesoma hii mara mbili. Wazee wa Kibumba wamekuambia kile ambacho Wasweden walikiandika kwenye jarida.

Mwalimu, sasa dawa yako. Mwaka 1998 daktari Håkan Alfredson wa Umeå, Sweden, alichapisha utafiti wa wakimbiaji 15 waliokuwa kwenye foleni ya kupasuliwa kano ya kisigino, umri wa wastani miaka 44. Inasimuliwa kwamba yeye mwenyewe alikuwa na ugonjwa huo, akaomba apasuliwe, mkuu wake akakataa, akaamua kuichosha kano hadi ikatike ili walazimike kumpasua. Haikukatika, ikapona. Wale 15 nao wote walirudi kukimbia baada ya wiki 12.

Unasimama kwenye ngazi kwa nusu ya mbele ya mguu, kisigino hewani, mikono ukutani. Unapanda kwa mguu usioumwa. Unahamishia uzito kwenye mguu mgonjwa na kushuka nao taratibu, hesabu hadi tatu, mpaka kisigino kipite chini ya ngazi. Mara 15, pumzika, mara tatu. Halafu tena mara tatu goti likiwa limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, siku zote saba, wiki 12. Jumla ni mara 180 kwa siku, najua, usinitukane. Kama ratiba ya kazi haikuruhusu, kuna ya mizigo mizito na mwendo wa polepole, mara tatu kwa wiki. Wadenmark walizilinganisha mwaka 2015 na matokeo hayakuachana.

Maumivu ya 4 au 5 juu ya 10 wakati wa zoezi yanakubalika, mradi kesho asubuhi yawe yameshuka. Siku usiposikia kitu, ongeza mzigo: begi la mgongoni, mchanga ndani, kilo 5 kwa mwanzo. Kano inasikia uzito tu. Seli zake zikivutwa ndipo zinapata amri ya kujenga, na zikiachwa zinalala.

Tahadhari: anayeumwa pale kano inapoingia kwenye mfupa kabisa, asishuke chini ya usawa wa ngazi, afanyie sakafuni. Na yeyote aliyesikia "pa!", alale kifudifudi, mtu ambinye nyama ya mguu, unyayo usiposogea, aende hospitali leo hii, HEAL Africa au nyingine kubwa yenye daktari wa mifupa. Huyo si wa mazoezi.

Mzee wa Katindo, 12 Juni

Ngazi yangu ni mawe ya lava yaliyopangwa tu, moja linacheza.

Kinezi Ndosho, 12 Juni

Weka simenti kwanza. Sitaki nikutibu nyonga.

Mama Birere, 13 Juni

Na supu ya miguu ya ng'ombe? Mama yangu alisema inarudisha mishipa.

Kijana Majengo, 13 Juni

Mama ameleta sayansi ya kweli sasa.

Labo Himbi, 13 Juni

Usimcheke. Mwaka 2017 watafiti walichukua vijana wanaume 8, wakawapa jelatini gramu 15 yenye vitamini C, saa moja kabla ya kuruka kamba dakika 6. Alama ya kujenga kolajeni kwenye damu ikawa mara mbili ya pale waliporuka bila jelatini. Jelatini ni nini kama si miguu ya ng'ombe iliyochemshwa? Ila walipima damu, hawakupima kano ya mzee iliyopona, na vijana 8 wanatosha kujaza teksi moja tu. Kunywa supu yako mama, weka ndimu, kisha fanya zoezi la bega. Usinywe ukalala.

Mzee wa Katindo, 21 Septemba 2025

Nimerudi. Niliahidi kurudi bila kuahidi.

Sikwenda kwenye kliniki. Mtoto wa dada aliwapigia kuuliza yale maswali matatu. La kwanza wakajibu "Ulaya", la pili "Ulaya", la tatu simu ikakatika. Inawezekana mtandao, sijui.

Simenti niliweka tarehe 14 Juni. Wiki mbili za kwanza nilimchukia mkinezi kwa moyo wote. Kisigino kiliuma kuliko kabla, nikawa naandika namba kwenye daftari la maandalio kila asubuhi: 6, 6, 5, 7. Wiki ya nne bado 5. Mke wangu akaniuliza kwa nini nalipia simenti kupanda na kushuka pahali pamoja. Wiki ya saba, Jumatano, nilishuka kitandani nikafika mlangoni ndipo nikakumbuka kwamba sikutembea kama bata. Leo wiki zimepita 14. Asubuhi ni 1, siku nyingine 0, nikitembea sana hadi Virunga sokoni inapanda 2. Kidonge kipo palepale, haragwe lile lile. Kwenye begi nina kilo 20.

Familia nimewaambia wasichange. Dada yangu amesema basi zile za kwake zitalipa minerval, karo ya shule, ya kijana, na kijana hajafurahi.

Swali langu moja kwa mkinezi: Jumapili ijayo wenzangu wana mechi.

Kinezi Ndosho, 21 Septemba

Unaweza kuruka kwa mguu wa kushoto peke yake mara 20, kesho yake asubuhi ukabaki na hiyo 1?

Mzee wa Katindo, 22 Septemba

Nimeruka 20 jana jioni uani, watoto wa jirani wakihesabu. Leo asubuhi 3.

Kinezi Ndosho, 22 Septemba

Basi Jumapili wewe ni kocha. Rudi kuniambia ikishuka.

Kijana Majengo, 22 Septemba

Golini nitakaa mimi, mzee. Nitumie saa na kiwanja.